Maswali ya Wasomaji: Konseto Moja, Wapigaji Wengi

Katika toleo lililopita niliitaja kwa mistari michache konseto ya pili ya piano ya Rachmaninoff, mtunzi wa Urusi, nikawaomba mkaisikilize. Barua zimekuja kutoka Wete, Bububu, Michenzani na Jang'ombe, na karibu zote zinauliza kuhusu rekodi: ipi isikilizwe, kwa nini mbili hazifanani, nani anamfuata nani. Kwa asiyejua, konseto ni muziki wa okestra nzima pamoja na mpigaji mmoja aliyekaa mbele. Katika karne ya 19, zama zinazoitwa za Romantiki, piano ndiyo iliyokalia zaidi kiti hicho, na desturi ikaendelea mpaka karne ya 20 ilipokuwa imeshaingia. Ala zetu za taarab, kanuni na udi, tutazirudia mwezi ujao, inshallah.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, niko Wete. Niliitafuta ile konseto kwenye simu nikakuta rekodi zisizo idadi. Moja kaipiga Rachmaninoff mwenyewe, imejaa mikwaruzo. Nyengine ni ya mpigaji mwengine, Richter, inaanza polepole hata nikadhani simu imekwama. Ipi ndiyo yenyewe hasa?*

Marahaba, mwanangu. Simu yako haikukwama. Richter ndivyo alivyotaka.

Tuanze na khabari ya kazi yenyewe. Mwaka 1897 simfoni ya kwanza ya Rachmaninoff, yaani muziki wa okestra bila ya mpigaji wa mbele, ilipigwa St. Petersburg ikaanguka vibaya, na baada ya hapo akakaa miaka kadhaa karibu hatungi kitu. Akapelekwa kwa daktari mmoja wa Moscow, Nikolai Dahl, aliyekuwa akitibu kwa mazungumzo na kwa kumtia mgonjwa katika usingizi wa kuongozwa. Alipopata nafuu ndipo akaiandika konseto hii, akamtunuku daktari wake, na Novemba 1901 akaipiga mwenyewe yote kamili mjini Moscow. Mwanzo wake umeshausikia: piano iko peke yake, inapiga mapigo manane mazito ya mikono miwili, na kila pigo linajibiwa na sauti moja ya chini kabisa. La kwanza ni la chinichini. La mwisho linatikisa chumba. Kisha fidla zinaingia na wimbo.

Sasa zichukue rekodi zako mbili. Ya mtunzi ilifanywa 1929 na okestra ya Philadelphia, kiongozi Leopold Stokowski. Ya Sviatoslav Richter ilifanywa 1959 na okestra ya Warsaw, kiongozi Stanisław Wisłocki. Rachmaninoff anayapita yale mapigo manane bila ya kusita. Richter anaacha kila pigo lizagae kwanza, ndipo alete jengine, na wewe unayesikiliza unajikuta umezuia pumzi. Sehemu ya kwanza kwa mtunzi haifiki dakika 10. Kwa Richter inazipita 11. Nota ni zile zile.

Mimi asili yangu ni fidla, piano nimeifuata baadaye, kwa hiyo kila nikiisikia rekodi ya 1929 sikio langu huenda kwanza kwa wapiga fidla. Wasikilize wanapoupokea wimbo. Kidole hakiruki kutoka sauti moja kwenda nyengine. Kinatelezeshwa juu ya uzi, na sauti inavutika njia nzima. Okestra za Ulaya na Marekani zilipiga hivyo zama zile, kisha mtindo ukaachwa kidogo kidogo, na kwenye rekodi ya Warsaw hauusikii tena kwa wingi ule. Fidla zetu za taarab zinavuta mpaka leo. Mzee aliyekulia katika nyimbo za Ikhwani Safaa, ukimwekea rekodi ile yenye mikwaruzo, naamini atazielewa fidla zake kabla ya kuielewa piano.

Mikwaruzo nayo isikutishe. Ni ya santuri zenyewe, zile za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukubeba zaidi ya dakika nne au tano. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV alifungwa na kipimo hicho hicho: wimbo uishe kabla sindano haijafika kati. Mwaka mmoja baadaye Rachmaninoff alikuwa na konseto ya zaidi ya nusu saa. Ikabidi ikatwe vipande. Wapige, wasimame, waanze tena pale walipoachia. Leo mafundi wameviunga vipande vile, lakini ukitega sikio utasikia mahali ambapo mkwaruzo unabadilika ghafla, ukawa mzito zaidi au mwepesi zaidi. Hapo ndipo upande mmoja ulipoishia. Santuri ndefu zilizotoka 1948 zilibeba dakika 20 na zaidi kwa upande, na zama za Richter kulikuwa na utepe wa sumaku: mtu aliweza kupiga sehemu nzima bila ya kukatizwa, na palipoharibika pakakatwa na kuungwa.

Wapo wanaosema mtunzi alikimbia kwa kuchelea santuri isijae. Sikubaliani nao. Konseto zake nyengine tatu alizirekodi kati ya 1939 na 1941, akiongozwa na Eugene Ormandy, na kote anakwenda vile vile, habembelezi. Ulikuwa mwendo wake.

Ipi ndiyo yenyewe, basi? Ukikusudia alivyotaka mtunzi, ushahidi wake umeshausikia kwa masikio yako. Lakini mimi siichukulii rekodi ya mtunzi kuwa ni hukumu ya mwisho. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti kwa koo lake mwenyewe, na bado zilikuwa nyimbo za Siti. Richter hakuufuata mwendo wa mtunzi, ila pale mwanzoni ameukuta uzito uliomo ndani ya nota, na ameutoa. Ningesikitika sana kuishi na moja bila ya nyengine.

Ninachokuomba ufanye ni hiki. Iweke kando sehemu ya kwanza, nenda ya pili. Fidla zinaanza peke yake, zimefinywa sauti. Kisha piano inaingia, inapiga sauti zilizovunjwavunjwa, moja moja, kama anayejaribu mkono. Wengi hapa huifuata piano kwa sababu wameambiwa piano ndiyo mwenye shughuli. Iache. Wimbo hauko kwake. Filimbi inauanza kwa pumzi chache tu, halafu klarineti, ala nyengine ya kupulizwa, inaupokea na kuubeba, na piano kazi yake ni kusindikiza. Baada ya muda wanabadilishana: piano inauchukua wimbo, na ile kazi ya kusindikiza inarudi kwa wenziwe. Sikiliza hapo tu, kwa Richter kwanza kwa kuwa sauti yake ni safi, kisha kwa Rachmaninoff. Jiulize nani kati yao anajificha vizuri zaidi wakati wimbo si wake. Jibu langu ninalo, lakini nataka lako.

Na ukikutana na rekodi ya tatu ambayo klarineti haisikiki kabisa, usimlaumu mpigaji. Kuna mafundi wanaoweka maikrofoni karibu mno na piano, okestra yote ikarudi nyuma ikawa ukungu. Rekodi nyingi mpya zina tatizo hili, na mimi huzifunga mapema.

*Spika ya simu inatosha? (Msomaji wa Bububu)*

Haitoshi. Ile sauti ya chini inayoyajibu mapigo manane ya mwanzo huisikii kabisa kwenye spika ya simu. Unasikia nusu ya mazungumzo. Hedifoni za bei rahisi ni bora mara nyingi zaidi.

*Assalaam alaykum, Mwalimu. Binti yangu ana miaka 15 na anajifunza piano. Siku hizi amekamatwa na video ya kijana wa Korea, Yunchan Lim, anayepiga konseto ya tatu ya Rachmaninoff. Anaitazama usiku na mchana, anaviiga vidole vyake mezani, na mazoezi yake mwenyewe yamelala. Nimzuie?*

Waalaykumu salaam, bwana. Usimzuie. Mtoto wa miaka 15 wa hapa Unguja kukamatwa na kitu kizuri kiasi kile ni neema, na ningekuwa mimi ningemshukuru Mungu.

Video hiyo naijua. Ni ya mashindano ya piano ya Van Cliburn, Fort Worth, Marekani, Juni 2022. Lim alikuwa na miaka 18 na akashinda. Konseto ile Rachmaninoff aliitunga 1909 kwa ajili ya safari yake ya Marekani, akaipiga kwa mara ya kwanza New York mwaka ule ule, na ni katika konseto ngumu kabisa kwa mikono. Binti yako hawezi kuipiga sasa na wala hatakiwi kuiweza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba anajifunza kwa macho. Video inamwonyesha kasi, na kasi ndiyo inayomvuta kila mtu. Mwambie aisikilize tena simu ikiwa imefudikizwa. Mwanzo wa kazi ile hauna kasi wala kelele: okestra inapumua chini, na piano inaleta wimbo mwepesi mno, sauti moja moja, mikono yote miwili ikipiga wimbo huo huo. Wimbo ule binti yako anaweza kuuimba leo hii. Auimbe kwa mdomo mpaka aujue, kisha autafute kwenye piano kwa mkono mmoja. Nota za kazi hizi za zamani zinapatikana bure kwenye mtandao. Mchapishie kurasa mbili za mwanzo, zitamtosha kwa muda mrefu.

Halafu mpe kitu kilicho karibu zaidi na umri wake. Grieg, mtunzi wa Norway, aliiandika konseto yake mwaka 1868 akiwa na miaka 25 tu. Mtafutie rekodi ya Dinu Lipatti ya 1947, na okestra ya Philharmonia ikiongozwa na Alceo Galliera. Lipatti alikuwa Mromania, alikuwa mgonjwa, na alifariki 1950 akiwa na miaka 33. Sipendi watu wanaomsikiliza kwa huruma. Hakuhitaji huruma ya mtu. Sikiliza ngoma kubwa za shaba zinavyovuma mwanzoni, zinapanda, na yeye anashuka kutoka juu mpaka chini ya piano kwa mapigo ambayo kila moja lina mwanzo na mwisho wake. Hakuna sauti iliyolowana na jirani yake. Nimewapa wanafunzi rekodi hii kwa miaka mingi, na kila aliyeisikiliza kwa makini mkono wake umekuwa msafi zaidi.

Jambo la mwisho, bwana. Piano za hapa kwetu zinaumwa na hewa ya bahari. Masika ikiingia mbao zinavimba, vibao vinaganda, na nyuzi zinashika kutu. Mtoto anayesikia Lim usiku na asubuhi akakuta kibao cha kati hakirudi juu, huenda mazoezi yake yamelala kwa sababu hiyo tu. Kaa naye umwangalie akipiga, umwombe akuonyeshe vibao vibovu. Fundi akija, mwambie aviangalie hivyo kabla hajaanza kukaza nyuzi.

*Mwalimu, mimi ni mpiga dumbaki, Michenzani. Kwenye kikundi chetu kiongozi akisema hivi, ndiyo hivi. Kwenye konseto, mpigaji na kiongozi wa okestra wakikosana, nani anamfuata mwenziwe?*

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, mwenzangu, na nafurahi swali hili limetoka kwa mtu wa ngoma.

Aprili 1962, New York, mpiga piano Glenn Gould alikuwa apige konseto ya kwanza ya Brahms, kiongozi Leonard Bernstein. Gould aliitaka iende polepole mno. Bernstein hakukubaliana naye, na kabla ya kuanza akageuka akawaambia watu ukumbini, wazi wazi, kwamba watakachokisikia si mwendo wake yeye. Akauliza katika konseto bosi ni nani, akajibu kwamba mara ni huyu, mara ni yule, yategemea watu wenyewe. Kisha wakapiga, kwa mwendo wa Gould, zaidi ya dakika 50. Rekodi ya usiku ule ipo pamoja na hotuba yake. Wengi huisikiliza hotuba wakaacha muziki. Fanya kinyume chake. Okestra inamsubiri Gould mahali pengi, na Bernstein, pamoja na aliyoyasema, hamwachi hata mara moja. Hiyo ni adabu ya kazi ya hali ya juu.

Lakini jibu lililo bora utalipata kwa Kirill Kondrashin, kiongozi wa okestra wa Urusi. Mwaka 1958 Van Cliburn, ndiye mwenye jina la yale mashindano ya Fort Worth, kijana wa Texas mwenye miaka 23, alishinda mashindano ya Tchaikovsky mjini Moscow, wakati Marekani na Urusi hazitazamani usoni. Alirudi kwao na Kondrashin akaja Marekani pamoja naye, wakarekodi konseto ya kwanza ya Tchaikovsky, na santuri ile ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1980, Munich, Kondrashin huyo huyo akaiongoza konseto hiyo hiyo na Martha Argerich, mbele ya watu. Kwa Cliburn okestra inatanda, inampa nafasi ya kuimba, mapigo yake makubwa ya mwanzoni yanasimama wima. Kwa Argerich okestra nzima iko juu ya ncha za vidole. Mwishoni kabisa, katika sehemu ya tatu, anapiga mikono miwili kwa kasi ya kutisha, na wewe mpiga dumbaki utasikia kwamba okestra haichelewi hata kwa nusu pigo.

Kiongozi ni mmoja na nota ni moja. Umeona nani anamfuata nani? Kondrashin alimfuata kila mmoja kwa namna yake, na ndiyo maana mimi namweka juu ya viongozi wengi wenye majina makubwa kuliko lake.

*Masalkheri, Mwalimu. Sisi ni akina mama wa Jang'ombe, tunakutana Ijumaa jioni, tunasikiliza muziki na kuzungumza. Umetaja wanaume watupu. Hakuna konseto iliyotungwa na mwanamke wa zama hizo?*

Masalkheri bibie, na nawasalimu nyote. Ipo, na ni nzuri. Clara Wieck alianza kuiandika akiwa mtoto, na Novemba 1835, akiwa na miaka 16, aliipiga mwenyewe Leipzig, okestra ikiongozwa na mtunzi Mendelssohn. Baadaye aliolewa na mtunzi Robert Schumann akajulikana kwa jina la mumewe. Ni yeye pia aliyeipiga kwa mara ya kwanza konseto ya mumewe, Dresden, Desemba 1845. Maisha yake yote alipiga jukwaani, akazaa watoto wanane, na mume alipougua na kufariki, ni vidole vyake vilivyowalisha.

Clara alifariki 1896, na hakuna rekodi ya mkono wake. Lakini alifundisha, na mwanafunzi wake mmoja, Fanny Davies wa Uingereza, aliirekodi konseto ya Schumann mwaka 1928, kiongozi Ernest Ansermet. Ni mwaka ule ule Siti wetu alipokuwa Bombay. Davies alikuwa mtu mzima wa miaka 60 na zaidi, na mahali pengine vidole vinamteleza. Mimi hilo halinishughulishi. Msikilizeni anavyozungumza kwa piano, sentensi kwa sentensi, hakuna anayoifululiza. Alikaa chumba kimoja na Clara akafundishwa kazi hii, na hakuna mpigaji wa leo, awe hodari vipi, anayeweza kutupa hilo.

Kwa konseto ya Clara mwenyewe, tafuteni rekodi ya Isata Kanneh-Mason iliyotoka 2019, na okestra ya Liverpool, kiongozi Holly Mathieson, naye ni mwanamke. Isata ni Mwingereza, mama yake ni mzaliwa wa Sierra Leone. Ijumaa hii msianze na sehemu ya kwanza. Ina kishindo na mtaanza kuongea juu yake. Anzeni na ya pili. Okestra yote inanyamaza, piano inaimba peke yake, halafu chelo moja, fidla kubwa ya sauti ya chini, inaingia na kuupokea wimbo, na wawili hao wanakwenda pamoja karibu mpaka mwisho. Haizidi sana dakika tano. Isikilizeni mara mbili kabla hamjazungumza, kisha mniandikie mmesema nini.